Leseni yako ukiwa ughaibuni au ukipumzika kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wauguzi, wakunga na wanataaluma wa Uganda

Mimi ni mkunga kutoka Arua. Nilikaa nyumbani karibu miaka miwili nikimlea mwanangu wa pili, kisha nikafanya kazi miaka minne katika nchi moja ya Ghuba, nikarudi. Chuoni hatukufundishwa hata kipindi kimoja namna ya kulitunza jina lako kwenye daftari la taaluma wakati haupo wodini, na mimi nililijifunza kwa kuumia. Tangu nirudi simu hazikatiki. Huyu yuko Juba, yule yuko Riyadh, mwingine yuko Mbale, amejifungua mapacha na hajavaa sare mwaka mzima. Wanachouliza ni kilekile, nami nimekiweka hapa kwa urefu. Mifano mingi ni ya uuguzi na ukunga kwa kuwa ndiko niliko, ila madaktari, wahandisi, mawakili na wahasibu nao nimewagusa.

Nikiacha kazi kwa muda, jina langu linafutwa?

Kukaa nyumbani peke yake hakufuti jina. Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili. Usajili ni jina lako kuandikwa kwenye daftari la baraza linalosimamia taaluma yako baada ya kuhitimu, nalo hudumu. Leseni ya utendaji ni ruhusa ya kuifanya kazi yenyewe, nayo ina tarehe ya mwisho. Unaweza kuwa umesajiliwa tangu mwaka 2009 na leo huna ruhusa ya kumchoma mtu sindano.

Utaratibu huu umo kwenye sheria. Wauguzi na wakunga wana sheria yao ya mwaka 1996, na mwaka huohuo zilitungwa sheria ya madaktari na madaktari wa meno, na ile ya wataalamu wa maabara, maafisa tabibu na wenzao walio chini ya AHPC, baraza la taaluma shirikishi za afya. Wahandisi wana sheria ya mwaka 1969, mawakili ya 1970, wahasibu ya 2013. Wahasibu wawe macho zaidi, kwa sababu kwao uanachama wa ICPAU, chama chao cha kitaaluma, unakwenda na ada ya mwaka, na anayenyamaza bila kulipa anauweka uanachama wenyewe hatarini.

Leseni yangu inaisha lini?

Ichukue uisome. Sisemi hivyo kwa dharau. Nimekaa na wauguzi watano chai ya saa nne, na watatu kati yao hawakuijua tarehe yao. Ya daktari ni ya mwaka mmoja, ya AHPC vilevile, ya mhandisi pia. Cheti cha wakili hufika kikomo tarehe 31 Desemba, hata kama alikichukua mwezi Agosti. Muuguzi na mkunga wafuate tarehe iliyochapwa kwenye leseni yao, wasifuate waliyosikia kwa mwenzao wa mwaka mwingine. Iweke kwenye simu ikukumbushe miezi mitatu kabla.

Sifanyi kazi Uganda. Kwa nini niilipie leseni ya Uganda?

Swali hili ndilo lililonigharimu mimi.

Mwaka wangu wa pili Ghuba leseni ya nyumbani iliisha. Nilijua. Nikajiambia, ninayoitumia ni ya huku, ile ya Kampala ya nini? Ada yake nikaituma nyumbani kwa karo ya mdogo wangu. Miezi minane baadaye nikapata nafasi kwenye hospitali kubwa zaidi, mshahara mzuri, wodi ya uzazi pekee kama nilivyokuwa naiombea. Wakataka uthibitisho mpya kwamba niko sawa na baraza la nchi yangu. Nikaanza upya: kuhuisha, kutafuta vyeti vya mafunzo, kumpigia kaka yangu simu aende Kampala, na safari ya basi kutoka Arua ni siku nzima. Karatasi zilipokamilika nafasi ilikuwa na mtu. Kosa lilikuwa langu, na sitaki wewe ulirudie.

Popote uendako, mamlaka ya huko itauliza ulikotoka. Nchi nyingi za Ghuba hutumia kampuni ya DataFlow, ambayo haikubali nakala yako tu. Huandikia chuo, huandikia baraza, huandikia mwajiri wa zamani, kila mmoja ajibu mwenyewe. Na si mara moja. Ukibadili nchi swali hurudi, ukitaka kupanda cheo huenda likarudi tena. Baraza la nyumbani ndilo shahidi wako wa kudumu, na shahidi huyo hawezi kusema mazuri ya leo kama faili lako lilinyamaza miaka mitatu iliyopita.

Hati ya mwenendo mwema si ile ya polisi?

Ni mbili, na watu huleta moja badala ya nyingine kila siku. Ile ya polisi hutolewa na kitengo cha Interpol, wanachukua alama za vidole na kuthibitisha kwamba huna rekodi ya jinai. Ile ya taaluma hutolewa na baraza lako, inathibitisha kwamba umesajiliwa na huna kesi ya kinidhamu. Mara nyingi utaombwa zote mbili. Mamlaka nyingi za nje hutaka ile ya taaluma iwe ya miezi michache tu, tena mara nyingi itumwe na baraza moja kwa moja bila kupitia mikononi mwako. Kwa hiyo usiikimbilie mapema kabla hujajua utaipeleka wapi. Itazeeka kabatini.

Nimepata mkataba wa nje. Niondokeje kazini?

Kwa barua. Hata kama mkuu wako ni shangazi yako.

Kwenye hospitali binafsi, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inapanga muda wa kutoa taarifa kwa kufuata ulivyokaa: wiki mbili kama umepita miezi sita lakini hujafika mwaka, mwezi mmoja kuanzia mwaka hadi miaka mitano, miezi miwili kuanzia mitano hadi kumi, na miezi mitatu ukifika kumi au zaidi. Sheria hiyohiyo inakupa haki ya kuomba hati ya utumishi, inayosema ulifanya kazi gani na tangu lini hadi lini. Iombe kabla hujaaga. Ukishapanda ndege, anayetakiwa kuisaini ana kazi nyingine mia, na baada ya miaka miwili huenda naye ameshahama.

Ukiwa serikalini, uliza kuhusu likizo bila malipo, na usiondoke mpaka jibu liwe kwenye karatasi. Najua wanaoaga kwa mdomo, "Sista, nasafiri kidogo," halafu mshahara unaendelea kuingia benki miezi mitano. Pesa hiyo ni deni. Itadaiwa, na neno litakaloandikwa kwenye faili lako ni kutoroka kazi. Neno hilo linasafiri mbali. DataFlow wakimwandikia mwajiri wako wa zamani, ndilo atakalowajibu.

Na kama unapelekwa na kampuni ya ajira za nje, hakikisha ina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Muuguzi aliyesajiliwa kabisa nimewahi kumkuta Ghuba akilea watoto wa watu, kwa sababu mkataba aliosainishwa haukuwa wa hospitali.

Nibebe karatasi gani, niache gani?

Vyeti halisi nilimwachia mama, kwenye mkebe wa biskuti wa bati, juu ya kabati. Nakala nilibeba, na picha safi za kila ukurasa nikazihifadhi kwenye barua pepe yangu mwenyewe. Si ile ya kazini, maana ile hufa siku unayoacha kazi. Kama mwajiri au ubalozi unataka vyeti halisi, beba, ila acha nakala zilizothibitishwa na wakili.

Kitu kimoja hakunionya mtu. Risiti nyingi za benki huchapwa kwenye karatasi ile laini inayoshika joto. Niliporudi na kufungua mkebe, vyeti vilikuwa vizima kabisa, lakini risiti sita za malipo ya baraza zilikuwa nyeupe. Nyeupe kabisa, hata kivuli cha wino hakuna, na joto la Arua mnalijua. Tangu siku hiyo risiti naipiga picha nikiwa bado mlangoni mwa benki, na nambari ya malipo naiandika kwa kalamu kwenye daftari.

Kagua majina pia, herufi kwa herufi. Cheti cha UNEB, baraza la mitihani, kinasema Fatuma, kitambulisho cha taifa cha NIRA kinasema Fatumah, pasipoti ina jina la mume, na cheti cha chuo kimetanguliza jina la ukoo. Kwetu wote tunajua ni mtu mmoja. Kwa afisa aliyeko London ni watu wanne. Rekebisha ukiwa bado nyumbani, na ukibadili jina kwa ndoa lipeleke baraza pamoja na hati ya ndoa kabla hujaomba uthibitisho wowote.

Pointi za mafunzo endelevu nitazipata vipi nikiwa nje?

Zile tunazoziita CPD. Nchi uliko nayo karibu hakika inakudai mafunzo, kwa hiyo unayafanya tayari, shida ni kwamba huyaandiki. Kwa kila mafunzo weka cheti, tarehe, saa ulizokaa na mada kwa sentensi mbili. Kama cheti ni cha Kiarabu, omba cha Kiingereza siku hiyohiyo. Kisha uliza baraza lako kwa maandishi ni aina gani wanaikubali, na jibu lao ulitunze. Anayepumzika nyumbani ana njia nyepesi zaidi: hospitali nyingi za wilaya na za misheni hufanya vipindi vya mafunzo asubuhi, na mkuu wa wauguzi mwenye moyo hatakuzuia kuketi nyuma na kusaini kitabu. Mimi nilikwenda na mtoto mgongoni.

Nataka Uingereza. Kuna nini cha kujua kuhusu usajili?

Mamlaka ya huko ya wauguzi na wakunga ni NMC. Utafanya mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo unaoitwa OSCE, na utathibitisha Kiingereza chako kwa mtihani wa lugha, IELTS au OET. Ukishasajiliwa, kila baada ya miaka 3 unathibitisha upya: saa 450 za kazi, na ukitaka kubaki muuguzi na mkunga kwa pamoja ni 900, pamoja na saa 35 za mafunzo, ambazo 20 kati yake ziwe za kushiriki na wenzako. Katikati kuna ada ya kila mwaka.

Wanaotaka kurudi nyumbani bila kuupoteza usajili wa Uingereza walisome hili vizuri: saa unazofanya Uganda ukiwa na usajili wa Uganda zinaweza kuhesabiwa huko. Leseni mbili zinabebana. Ukiiacha ya Kampala ikafa, saa zako za hapa unazivunjia msingi.

Wengine wameambiwa Uganda "imepigwa marufuku." Ukweli ni huu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Uganda imo. Kwa sababu hiyo waajiri na mawakala wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kuvua watu huku. Wewe binafsi kuomba kazi iliyotangazwa hukuzuiwa. Wakala anayekuja wilayani akikusanya pesa za "nafasi za Uingereza" mkimbie.

Na Kenya, Juba au Kongo? Si sote tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki?

Tuko. Soko la pamoja lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, Sudan Kusini ikaingia mwaka 2016, Kongo mwaka 2022. Lakini uhuru wa kuvuka mpaka wa Busia na mizigo yako haukupi ruhusa ya kuzalisha Kisumu. Makubaliano ya kutambuliana taaluma yalisainiwa na wahasibu na wasanifu majengo mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012, na madaktari wa mifugo mwaka 2016. Muuguzi bado anabisha hodi kwenye baraza la nchi anayokwenda, kwa karatasi zake. Hata mhandisi mwenye makubaliano hasamehewi kuwa na leseni hai ya nyumbani, kwani kinachotambuliwa ni hadhi uliyo nayo hapa.

Niko likizo kijijini na leseni imeisha. Jirani analeta mtoto mgonjwa. Nifanyeje?

Hili linaniuma, maana nililiishi. Nilikuwa uani naosha vyombo, mwanamke akaingia kwa kasi na mtoto amefunikwa khanga: "Musawo! Musawo, mtoto anachemka!" Kwao mimi ni musawo, yaani mhudumu wa afya, hadi kufa, hawajui habari ya tarehe kwenye leseni. Mkononi ana kichupa cha dawa na bomba la sindano kanunua dukani, anataka nimchome.

Sikumchoma. Nilimvua mtoto nguo nzito, nikaangalia anavyopumua, nikauliza kama ananyonya na kama amepata degedege, nikapanda nao bodaboda mpaka kituo cha afya na nikaeleza niliyoyaona. Msaada wa kwanza, jicho lililofundishwa na kumfikisha mtu panapostahili hakuna anayekukataza. Kutoa dawa, kuchoma sindano, kufungua kliniki ndogo chumbani kwa sababu watu wanakuomba, hapo unafanya kazi bila leseni, na mambo yakiharibika utasimama peke yako. Jirani hufahamu ukimweleza kwa upole. Yule mama hakunikasirikia. Alinishika mkono njia nzima.

Sikusafiri, nilikuwa nalea tu. Kurudi ni kugumu?

Likizo ya uzazi ya kisheria ni siku 60 za kazi, haikugusi. Ninaowazungumzia ni waliokaa mwaka, miwili, mitano, wakiuguza mzazi au wakilea. Karatasi zinarekebishika. Kinachotisha ni kuingia wodini na kukuta kazi imesogea.

Nilijifunza ukunga kwa patografu, chati ya zamani ya kufuatilia uchungu, na kwamba uchungu wenyewe huanza njia ikifunguka sentimita 4. WHO walishabadilisha: sentimita 5, na mwaka 2020 wakatoa chati mpya ya kufuatilia uchungu, isiyo na ile mistari miwili ya kuonya na kuchukua hatua tuliyoikariri. Siku niliyorudi wodini, binti aliyehitimu juzi alikuwa anaijaza kwa kalamu ya bluu, haraka, bila kusita. Nikasimama nyuma yake nikitafuta mistari yangu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nionyeshe." Akavuta kiti. Alinionyesha pale penye nafasi ya kuandika kama mama ana mtu wa kumsindikiza, kama amekunywa maji, mambo ambayo zamani hatukuyapa hata kisanduku.

Omba kipindi cha kusimamiwa, hata wiki sita, kabla ya kupangiwa zamu ya usiku peke yako. Kama mwajiri hana utaratibu huo, uombe kwa barua. Hutaonekana dhaifu. Anayezaa usiku huo ana haki ya mkunga aliyekwisha kuzoea tena.

Nimesomea utaalamu mwingine nje. Unahamia wenyewe kwenye daftari letu?

Hauhamii. Utaupeleka. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu hulinganisha vyeti vya nje, na baraza lako ndilo linaloamua kuuongeza kwenye usajili. Mpaka hapo jitambulishe kwa kile daftari linachosema.

Mtu anaweza kunishughulikia nikiwa mbali?

Malipo, ndiyo. Nambari ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa URA, mamlaka ya mapato, inaweza kulipiwa na yeyote, benki au kwa simu. Kwa mambo yanayotaka sahihi yako, mwandikie ndugu unayemwamini hati ya uwakilishi na uisajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kabla hujaondoka. Usimpe dalali anayesimama nje ya ofisi vyeti halisi, hata akikuapia. Dalali hawajibiki kwa yeyote vikipotea.

Leseni yangu imekwisha miaka mitatu sasa. Nianzie wapi?

Anza na barua ya ukweli. Andika nambari yako ya usajili, leseni ilikoma lini, ulikuwa wapi tangu hapo, ulifanya kazi gani au hukufanya, na ambatisha ushahidi. Uliza wanachotaka: malimbikizo kiasi gani, mafunzo mangapi, usimamizi wa muda gani. Usikubali mtu akubadilishie tarehe kwenye leseni kwa elfu hamsini. Leseni iliyoisha inahuishwa, ila leseni ya kughushi ikigundulika, na siku hizi inakaguliwa kwenye kompyuta, inafungua kesi ambayo ndiyo hasa inayoweza kuliondoa jina lako.

Jibu likichelewa, andika tena baada ya wiki mbili, na barua ya kwanza iambatishe. Kama uko Uganda, nenda mwenyewe, asubuhi, katikati ya wiki. Beba kitambulisho, leseni ya zamani, na picha za pasipoti nne. Mimi nilibeba mbili nikalazimika kutafuta mpiga picha kwenye jua la saa saba.